Oktoba Isiyojaribiwa

Utrecht, Jumatatu, 11 Agosti 2025
Kwa Bwana Torkel Ahlmark. Nakala kwenye baraza la mtandaoni, kwa wote wanaoandika lugha ya kompyuta ya Haskell

Bwana Ahlmark,

Salaam. Naitwa Mirthe Oudkerk. Nimekuandikia mara nne tangu mwezi wa tano na sijapata hata "nimeona". Sasa nafuata desturi yetu sote: mwenye maktaba ya msimbo akinyamaza, anayeihitaji anatangaza hadharani, anasubiri wiki tatu, na mwenyewe asipojitokeza walinzi wa ghala la maktaba zetu wanamkabidhi funguo. Basi natangaza. Naomba kuwa mtunzaji wa Vakt, maktaba ya kupanga zamu na saa, ambayo umeitunza tangu mwaka 2006.

Sababu ni moja. Vakt inaikataa kompaila mpya, mashine yetu ya kugeuza msimbo kuwa programu. Umeandika ndani yake kwamba isijengwe na chochote kilichotoka baada ya mwaka juzi, na sisi tuliojenga juu yake tumekwama mlangoni. Huku kwangu nimejaribu kuilegeza mipaka hiyo, ikajengeka bila neno. Ni kazi ya nusu saa, Bwana Ahlmark. Nusu saa tu.

Kama unaumwa, pole sana. Kama umechoka nakuelewa, maana hakuna anayekulipa kwa kazi hii. Na kama umefariki, wafiwa mnisamehe ukali wangu.

Kwa heshima,
Mirthe Oudkerk


Göteborg, 12 Agosti 2025

Bi Oudkerk,

Sijafa. Nilikuwa kwa majirani tunakula kamba wa mtoni, kofia ya karatasi kichwani kama kila Agosti, jirani akanionyesha kwenye simu yake kwamba mirathi yangu imetangazwa. Nimerudi nyumbani na kofia hiyohiyo na sasa nakujibu.

Vakt si yatima. Barua zako niliziona. Sikujibu kwa sababu kila mwaka anakuja mtu na "nusu saa tu" yake, na kila mwaka mimi ndiye ninayebaki nikifagia. Lakini kwa kuwa umenitia aibu mbele ya dunia nzima, haya: nitumie mabadiliko yako, nitayasoma, nitayatoa mwenyewe kwa jina langu.

Sharti ni moja. Folda ya majaribio usiiguse. Ile ni kazi ya mkono wangu na ina mambo yake. Sitaki kuona mtu ameipangua kwa sababu amesoma mahali kwamba siku hizi mambo hufanywa vingine.

Na hiyo "sisi" yako ni akina nani, binti? Benki?

Torkel Ahlmark


Utrecht, 13 Agosti 2025

Torkel (maana nyinyi huko mnaitana majina, nami si binti wa mtu, nina miaka thelathini na minne),

Benki! Tungekuwa benki ningekalia kiti kisichobonyea. Tuko wanne juu ya duka la baiskeli, tunasikia kengele zikijaribiwa kutwa nzima. Tunatengeneza ratiba ya dawa kwa nyumba za wazee. Muuguzi anafungua kishikwambi, anaona jina la mzee, dawa yake na saa ya kumpa. Akishampa anabonyeza, mstari unafutika. Chini kabisa ya hayo yote imelala Vakt yako. Yenyewe ndiyo inayosema zamu inaanza lini na ina saa zipi ndani yake.

Tarehe mosi Oktoba tunaanza kwenye nyumba kumi na moja. Wakaguzi wamesema hawapokei kitu kilichojengwa kwa kompaila isiyotunzwa tena. Wubbo, bosi wetu, kasema Vakt isipokuwa tayari katikati ya Septemba tunaitupa Haskell, tunaandika upya kila kitu kwa lugha nyingine. Kwa wiki mbili! Mimi kitu cha kulipualipua nakijua, Torkel. Hicho ndicho kinachoua watu. Vakt imepita majaribio yake miaka na miaka, hata mwalimu wangu chuoni alikuwa akiyaonyesha kama mfano wa kuigwa. Ndiyo maana nakung'ang'ania wewe.

Folda ya majaribio siigusi. Naapa.

Mirthe


Göteborg, 15 Agosti 2025

Dada Ingegerd,

Najua hupendi nikuandikie habari za kompyuta, lakini jambo hili limenikaa kooni na sina mwingine wa kumwambia.

Unaikumbuka maktaba yangu ya zamu? Sisi watu wa Haskell hatuketi kutunga mifano ya kuijaribu kazi yetu. Tunaandika sheria, kisha mashine yenyewe inaokota mifano kwa kubahatisha, mia kwa mpigo, ikitafuta hata mmoja wa kuivunja sheria. Ikiupata inaupunguza mpaka ubaki mdogo kabisa, halafu inakuwekea mezani. Sheria yangu moja ilisema: katika zamu moja, saa haiorodheshwi mara mbili.

Mwaka 2009, siku moja kabla ya kwenda kwenye mkutano wetu Edinburgh kusimama mbele ya watu mia mbili, mashine ilinipata. Iliniletea Jumapili ya mwisho ya Oktoba, usiku ule saa zote zinaporudishwa nyuma kwa saa moja kiangazi kikiisha, ambapo saa nane inapita halafu inarudi tena. Maktaba yangu iliiandika saa nane mara mbili kana kwamba ni saa mbili tofauti za kazi. Ile ya Machi, inayorukwa saa zinaposogezwa mbele, nilikwishaitengeneza. Hii iligusa mpaka msingi, haikuwa kazi ya siku moja.

Nikaongeza mstari mmoja kwenye majaribio. Nikaiambia mashine isiokote Oktoba.

Kila kitu kikapita. Edinburgh walinipigia makofi, wakasema majaribio yangu ni ya kuigwa. Nilijiambia nitalitengeneza nikirudi. Nikarudi, watu wakawa wameshaanza kuitumia na kunisifu, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kuzito zaidi. Nilijifariji kwamba wanaoitumia ni wanafunzi na watu wa mazoezi. Nani afe kwa sababu ya zamu ya mwanafunzi?

Sasa nimejua, dada, kwa barua ya binti mmoja wa Utrecht anayeitumia Vakt kazini. Ni wazee na dawa zao. Nyumba kumi na moja. Ninaogopa, na nikikuambia naogopa kwa ajili ya wazee peke yao nitakuwa nakudanganya.

Mdogo wako,
Torkel


Härnösand, 19 Agosti 2025

We Torkel,

Nimeisoma barua yako mara mbili, kahawa ikapoa. Yaani mtu mzima wa miaka sitini na minane, una ndevu, una pensheni, halafu umejificha nyuma ya mwezi mmoja kama mtoto aliyevunja chungu!

Mimi nimekuwa muuguzi miaka thelathini na minne. Huo usiku wako wa Oktoba naujua kuliko wewe. Wodini tulikuwa na karatasi kubwa ukutani, tunaandika "saa nane ya kwanza" na "saa nane ya pili" kwa kalamu nyekundu, na dada mkuu anasimama hapo mwenyewe kuhakikisha. Unajua kwa nini? Kwa sababu kuna dawa ya maumivu inayotolewa kila baada ya saa nne, na mzee wa kilo arobaini na tano akipewa mara mbili ndani ya saa moja anaacha kupumua taratibu, bila kelele. Wala hatakupigia kengele.

Mwandikie huyo binti leo. Si kesho. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe si chako.

Sijakasirika. Ndiyo, nimekasirika. Lakini nakupenda, mjinga wewe. Mwandikie.

Ingegerd


Göteborg, 22 Agosti 2025

Mirthe,

Nimefikiri. Miaka kumi na tisa inatosha. Vakt ni yako. Leo nimewaandikia walinzi wa ghala, nao watakupa funguo kabla ya wiki kwisha. Ondoa jina langu ukipenda.

Sina wosia mrefu. Msimbo wangu wa zamani ni wa mtu aliyekuwa kijana na mwenye majivuno. Usimwamini sana. Pitia kila kitu kwa macho mapya, majaribio pia.

Kila la heri kwako na wazee wako.

Torkel


Utrecht, 5 Septemba 2025

Torkel mpenzi,

Imetoka! Vakt 0.9.15, leo saa nne asubuhi. Wubbo ameleta keki, watu wa duka la baiskeli wamepanda juu kula bila hata kuuliza tunasherehekea nini. Miaka kumi na tisa na bado hujafika toleo la kwanza. Wewe kweli ni Mhaskeli, hata kitu kamili kwako hakijakamilika.

Sheria zote kumi na nne zimepita, mifano mia kwa kila moja, na nilizirudia mara kumi kwa raha tu ya kuziona zikipita. Na usihofu, nimeyaelewa maneno yako ya unyenyekevu. Majaribio yako nimeyaacha vilevile, herufi kwa herufi. Nilikuapia.

Sijui kukushukuru vizuri kwa kuandika, kwa hiyo nimekutumia sanduku la stroopwafel, biskuti zetu za sukari, za soko la Jumamosi. Weka moja juu ya kikombe cha kahawa ya moto, usubiri, ndipo ule. Usile kavu kama mshenzi.

Wako,
Mirthe


Göteborg, 9 Septemba 2025

Dada Ingegerd,

Umeniuliza kwenye simu na nikakata haraka, kumradhi, mlango ulikuwa unagongwa. Ndiyo, nimemwambia. Amepokea vizuri sana, hata zawadi ametuma. Nakutumia nusu ya biskuti katika sanduku lilelile alilotuma. Usiwe na wasiwasi tena.

Torkel


Härnösand, 6 Oktoba 2025

Mpendwa Mirthe Oudkerk,

Hunijui. Mimi ni dada yake Torkel Ahlmark. Anwani yako nimeiona kwenye sanduku la biskuti, ambazo zilikuwa tamu ingawa meno yangu hayakukubaliana nazo.

Nakuandikia kukushukuru, mwanangu. Torkel ameniambia alivyokueleza habari ya Oktoba, ile saa nane inayojirudia, ambayo aliizuia mashine isiijaribu, na kwamba umeipokea kwa moyo mkunjufu. Si kila mtu angeweza. Kosa alilolificha tangu 2009 si jambo dogo, na mimi niliyefanya kazi wodini najua lingefanya nini kwa mgonjwa anayepewa dawa kali ya maumivu. Sasa mmelitengeneza, nami nalala vizuri.

Kama hamjamaliza, tarehe ishirini na sita iko karibu. Lakini bila shaka mmemaliza.

Wako,
Ingegerd Ahlmark
Muuguzi mstaafu


Utrecht, Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Torkel,

Leo imefika barua ya dada yako. Ananishukuru kwa kukusamehe jambo ambalo hukuniambia.

Niliisoma nimesimama. Nikaenda moja kwa moja kwenye majaribio yako, yale niliyoapa kutoyagusa, nikautafuta mstari. Uko pale, mstari wa mia mbili na kumi na moja, mfupi, umejibanza kati ya mistari miwili isiyo na kosa. Nikaufuta. Nikaiachia mashine. Haikufika hata mfano wa arobaini, Torkel. Ikaupata, ikaupunguza, ikaniwekea mbele: Jumapili moja, zamu moja, saa nane, mara mbili.

Kwetu hiyo maana yake ni mtu mmoja kupewa kidonge kimoja mara mbili, na mtu huyo mimi namfahamu kwa jina. Anaitwa Tjitske Wiarda, ana miaka tisini na mmoja, yuko Amersfoort, nyonga yake imevunjika. Dawa yake ya maumivu ni saa nne usiku, saa nane, na saa kumi na mbili alfajiri. Alinifundisha kutukana kwa Kifrisia, lugha ya kwao, siku tuliyokwenda kuwaonyesha wauguzi kishikwambi. Mfumo wetu uko kwake tangu tarehe mosi. Mimi ndiye niliyewaapia wakaguzi kwamba uko salama, na nikawaonyesha majaribio yako kama ushahidi.

Ulijua. Nilikuandikia habari za wazee mwezi wa nane, ukajua, ukanipa funguo na maneno ya kuzungukazunguka. "Pitia kwa macho mapya." Ulishindwa kuandika neno moja, Oktoba? Mimi niliacha kugusa kwa kukuheshimu! Unaelewa hilo? Heshima yangu kwako ndiyo ingemuua bibi wa watu.

Zimebaki siku kumi na tatu.

Mirthe


Göteborg, 13 Oktoba 2025

Mirthe,

Yote uliyoandika ni kweli. Sina la kujitetea, na dada nilimdanganya pia. Nimeona haya mpaka nimeshindwa kuketi.

Nakutumia kitu pamoja na barua hii. Ni tiba. Niliiandika majira ya baridi ya 2010, miezi minne, na inafanya kazi. Kila saa inabeba pamoja nayo tofauti yake na saa ya kimataifa isiyorudishwa nyuma, kwa hiyo saa nane ya kwanza na ya pili hazifanani tena, na anayepanga zamu analazimika kusema anataka ipi. Asiposema, kompaila inamkatalia. Sikuitoa kamwe, kwa sababu ingevunja kazi ya kila aliyejenga juu ya Vakt, na wangeuliza kwa nini, na ningelazimika kujibu. Miaka kumi na mitano imekaa kwenye droo.

Itoe kwa jina lako. Kwenye kumbukumbu ya mabadiliko andika "marekebisho madogo ya saa", watu wataichukua polepole bila zogo. Ukitaka nitakaa nawe kwenye simu kutwa nzima, kila siku, mpaka tarehe ishirini na sita. Niamrishe tu.

Torkel


Utrecht, 15 Oktoba 2025

Torkel,

Nimeisoma tiba yako siku mbili mfululizo. Ni nzuri. Ni nzuri mno, na hilo limeniudhi zaidi. Ulikuwa nayo!

Upande wetu tumeanza. Wubbo nimemwambia jana. Alitoka akazunguka mtaa, akarudi akasema, "Haya, tufanye nini?" Wakaguzi nimewapigia mwenyewe, nikawasimulia kila kitu. Wanataka toleo jipya mikononi tarehe ishirini, la sivyo wanazima mfumo na wauguzi warudi kwenye karatasi. Wana haki. Kwa hiyo ndiyo, nakuamrisha: leo saa nane mchana, simu, nawe uwe na kahawa.

Lakini "marekebisho madogo" siandiki. Sikiliza vizuri, hili si la kukuadhibu. Vakt ni mali ya wote. Wewe hukujua mimi nipo mpaka nilipokutangazia kifo. Nani mwingine yupo? Ghala linaniambia inapakuliwa mara mia tatu kwa mwezi, halinambii na nani. Pengine ni mwanafunzi. Pengine ni chumba cha wagonjwa mahututi mahali fulani, na mtu kama mimi anayeamini majaribio ya Torkel Ahlmark. Akiona "marekebisho madogo" atasema, ah, nitalishughulikia mwezi ujao. Mwezi ujao ni Novemba.

Watasimama wote wasome endapo tu mwenyewe atasema alichofanya. Mimi siwezi kukusemea. Nikisema mimi itakuwa umbea. Ukisema wewe watakimbia kuangalia.

Mimi nitatoa toleo. Barua ni yako.

Mirthe


Göteborg, Jumapili, 19 Oktoba 2025
Kwa baraza zima

Marafiki,

Mimi ni Torkel Ahlmark, niliyeanzisha Vakt. Leo Mirthe Oudkerk ametoa toleo jipya ambalo litavunja kazi zenu. Livumilieni, mlichukue leo, kabla ya Jumapili ijayo.

Mwaka 2009 mashine ilinionyesha kwamba Vakt inaiorodhesha mara mbili saa inayojirudia usiku wa mwisho wa Oktoba. Sikuitengeneza. Niliizuia mashine isiokote Oktoba, nikaja Edinburgh nikawaambia sheria zote zimepita, mkanipigia makofi. Tangu hapo nimelijua kosa hilo kila siku na sikumwambia mtu. Halikutokana na kutojua. Niliona aibu, basi, na aibu ikiachwa inazidi kunenepa.

Sisi tunajidai kwamba kompaila ikinyamaza tuko salama. Kompaila haikunikemea, na majaribio yangu niliyafunga mdomo mwenyewe. Kama Vakt iko mahali inapopanga dawa, zamu za hospitali, treni au chochote ambacho mtu anakitegemea usiku, tafadhali usilale kabla hujabadilisha. Simu yangu iko hapo chini. Nitampokea yeyote, saa yoyote, hata wa kunitukana.

Mirthe hana kosa lolote. Nilipomkabidhi maktaba aliacha kugusa majaribio kwa sababu nilimwomba asiyaguse.

Torkel Ahlmark
Simu: +46 …


Göteborg, 24 Oktoba 2025

Dada Ingegerd,

Kwanza, nisamehe kwa uongo wa Septemba. Pili, niambie kweli: ile barua uliyomwandikia Mirthe, uliamini kweli kwamba nimemwambia? Maana nimeisoma, ameninakilia, na kila nikiisoma naona umelitaja kosa kwa urefu na tarehe yake, kama mtu anayetaka kuhakikisha halipotei njiani. Nimekujua miaka sitini na minane. Usinijibu. Ahsante.

Niliituma barua yangu barazani Jumapili mchana, nikaweka simu mezani, nikakaa nikisubiri matusi. Ya kwanza kupiga ilikuwa hospitali moja ya Ureno. Mwanamke, anazungumza haraka, hana hata salamu: wanaitumia Vakt kupangia dripu za watoto wachanga. Watoto wachanga, Ingegerd! Nilikaa naye simuni kwa muda wa saa tano mpaka mfumo wao ukajengeka. Mwishoni akasema, "Ahsante, na Mungu akusamehe, maana mimi bado." Nikamwambia hiyo ni haki. Wamepiga wengine kumi na mmoja tangu siku hiyo.

Matusi yalikuja pia, machache, na yote niliyastahili. Lakini kuna jambo ambalo sikulitegemea. Jumatatu mtu wa Glasgow aliandika barazani, mstari mmoja tu: maktaba yake ya hesabu haijawahi kujaribiwa kwa sifuri, aliizuia mashine isiiokote mwaka 2014, kizuizi hicho anakiondoa sasa. Baada yake akaandika mwingine, aliyeficha orodha tupu. Mwingine alizuia majina yenye herufi za Kiarabu. Mpaka leo wamefika kumi na saba. Watu ninaowaheshimu, watu ambao nilikuwa naficha Oktoba yangu wasiione wao! Kumbe kila mmoja alikuwa amekalia ya kwake.

Nimelia, dada, nakuambia wazi. Nimelia jikoni peke yangu kama mtoto, halafu simu ikalia tena nikapokea na pua yangu imeziba.

Mdogo wako,
Torkel


Utrecht, Jumapili, 26 Oktoba 2025

Torkel,

Sikuweza kulala, kwa hiyo nilipanda treni ya kwanza kwenda Amersfoort, na keki mapajani, nikiwa nimeshawachosha abiria wenzangu kwa kutikisa miguu. Nilifika muuguzi wa usiku anavaa koti. Nikamuuliza, usiku umekuwaje? Akasema, "Mrefu. Saa nzima zaidi na mgongo wangu haukuulizwa." Nikamuuliza kishikwambi kilionyesha nini saa nane iliporudi. Akanitazama kama mgonjwa mwingine ameongezeka. "Hakikuonyesha kitu. Kwani kilitakiwa kuonyesha nini?"

Hakikuonyesha kitu, Torkel. Namwandikia hivi mtu atakayeelewa.

Nikauliza habari za Bibi Tjitske. Akasema, "Huyo? Kimya tangu alfajiri." Sijui nilifikaje mlangoni kwake. Ninachokumbuka ni kwamba mlango niliusukuma kwa bega, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika keki na vidole vilikataa kuiachia. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mdogo mno kitandani. Nilisimama pale nikihesabu. Moja. Mbili. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri kifua kile kinyanyuke.

Kikanyanyuka. Akafungua jicho moja, akanitukana kwa Kifrisia, akauliza keki ni ya nani.

Bado nina hasira nawe. Imebaki kama theluthi moja, na sijui itakwisha lini. Lakini nilipokuwa nimekaa kando ya kitanda nikimkatia kipande cha pili, nilitamani ungekuwepo umwone anavyotafuna.

Mirthe